Goti la Kuazima

"Mtu ambaye siwezi kuelewana naye bado hajazaliwa," alisema Maji, akikung'uta shuka la kunyolea kama anayepeperusha bendera. "Na akizaliwa, mniletee akiwa bado mchanga. Nitamnyoa na atacheka."

Kinyozi mwenzake, aliyekuwa anakoroga povu la ndevu kwenye kikombe, hakuinua hata macho.

"Wewe huelewani na watu," alisema. "Wewe unageuka kuwa wao."

"Wivu huo."

"Ukweli huo. Huyo uliyemkalisha hapo kichwa chake kina kona, na umemwambia ni duara kama chungwa."

Mteja akajishika kichwa, akakipapasa pande zote kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

Huyo mkoroga povu ndiye waliyemwita Msumari. Alikuwa vilevile kwa kila mtu, awe tajiri, maskini, au mama yake mzazi. Ukimuuliza kama mtindo fulani utakupendeza, atakuambia hapana, na atakuambia kwa nini, na kama una haraka atafupisha: "Masikio." Wateja wake walikuwa wachache. Lakini mtu mwenye jambo zito, anayekwenda kufunga ndoa au kuomba kazi, alipita kiti cha Maji kimyakimya, akakaa cha Msumari, akafumba macho na kusema, "Haya, niambie."

Maji naye alipewa jina hilo kwa sababu maji hayana umbo. Ukiyatia kwenye kikombe ni kikombe, ukiyatia kwenye sufuria ni sufuria. Akija mwalimu mstaafu, Maji alinyoosha mgongo na maneno yake yakavaa tai. Akija dereva wa lori, miguu ilipanuka, sauti ikashuka mpaka tumboni. Akija shabiki wa timu ya Bluu, Maji alizaliwa Bluu na atazikwa Bluu. Akitoka huyo akaingia wa Njano, Maji alisema, "Bluu? Wale wanacheza mpira au wanatafuta sarafu iliyoanguka kwenye nyasi?" Siku moja mashabiki wa pande zote mbili walikutana kwenye benchi la kusubiria, na Maji akashikwa na kikohozi ambacho hakikupona mpaka mmoja wao alipoondoka.

Na usidhani alikuwa mwongo wa kupanga. Angekuwa wa kupanga, angepanga vizuri zaidi. Shida ilikuwa mwili wake. Akizungumza na mtu anayepepesa jicho, jicho lake lilianza kuitikia lenyewe. Akinyoa mtu mwenye mafua, sauti yake ilipanda puani. Kufikia jioni, baada ya kuwa watu wote waliokikalia kile kiti, alifunga saluni akiwa hoi.

Sasa, ng'ambo ya barabara, mkabala na saluni, kulikuwa na chumba cha mshonaji. Dada huyo alivaa futi ya kupimia shingoni kama mkufu, na alipocheka, cherehani yake ilikosa mstari. Maji alimpenda mpaka akawa ananunua vitambaa asivyovihitaji, na mshonaji alimpenda Maji mpaka akawa anamuuzia. Walishakubaliana kuoana. Lililobaki lilikuwa neno la baba.

Baba yake mshonaji alikuwa fundi saa. Ni mtu wa maneno machache, anayeshinda ameweka lenzi jichoni na kutega sikio, maana ugonjwa wa saa nyingi hauonekani, unasikika. Nyumbani kwake hakuna jambo lililopita bila yeye. Hakuwa mkali. Alikaa kimya tu mpaka mtu mwenyewe akajisikia vibaya.

Alasiri moja mshonaji akamwomba Maji amsindikize mzee nyumbani, ambebee sanduku la vifaa, kwa kuwa goti lake lilikuwa linamsumbua. Maji alifurahi kama aliyepewa cheo. Wakaenda taratibu, mzee akichechemea kwa mguu wa kushoto na fimbo yake, Maji pembeni na sanduku. Walipopita duka la dawa, mzee akasimama. Akatazama chini.

"Kijana," alisema. "Na wewe?"

"Na mimi nini, baba?"

"Mguu."

Maji akatazama. Lo! Mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuzika vizuri kabisa. Tangu walipoanza safari ulikuwa unamsikiliza mzee, ukaamua kumuunga mkono bila kuomba ruhusa kwa mwenyewe.

Hebu jiweke hapo. Ungesema nini? "Hapana, baba, nilikuwa nakuiga"? Hiyo ni dhihaka ya kumfanya mtu afukuzwe na ukoo mzima.

"Kidogo tu, baba."

"Goti?"

"Goti."

"Ulianguka?"

"Nilianguka. Kwenye ngazi."

Mzee akamshika bega. "Ngazi! Hata mimi ilikuwa ngazi!"

Mpaka leo ukimuuliza Maji ile ngazi aliitoa wapi, hajui. Ilikuja yenyewe.

Kuanzia pale, mzee wa maneno machache akafunguka kama bomba lililokuwa limeziba. Alieleza asubuhi zilivyo ngumu, vizingiti vilivyo virefu, na jinsi watu wa nyumbani wanavyomwambia atembeetembee litalainika. "Nyumba nzima wananihurumia," alisema, "lakini hakuna anayejua. Wewe unajua." Walipofika mlangoni alikuwa anatabasamu, na Maji akaondoka akichechemea hadi alipokata kona, ndipo akakimbia.

Jambo hilo lingeweza kuishia hapo kama familia ingekuwa ya mtu mmoja. Lakini kulikuwa na shangazi, dada yake mzee, mama mwenye kicheko cha kutingisha vikombe kabatini. Huyo alikutana na Maji kwenye harusi ya jirani, ukumbini, na kwa kuwa shangazi ni mtu wa ngoma, Maji alikuwa mtu wa ngoma. Alicheza hadi kisigino cha kiatu kikang'oka, akacheza na kilichobaki. Halafu kulikuwa na kaka yake mshonaji, kijana wa mpira, ambaye kila Jumamosi alicheza na Maji uwanjani, na kumjua kama winga anayekimbia kama anadaiwa. Mzee hakwenda harusini kwa sababu ya kelele, wala uwanjani kwa sababu ya goti. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na Maji wake, na kila mtu alimsifia kwa mshonaji.

"Baba anasema una mzigo wako lakini hulalamiki," mshonaji alimwambia siku moja. "Mzigo gani?"

"Vitambaa," alisema Maji.

Msumari peke yake ndiye aliyejua yote, kwa kuwa Maji alimsimulia akijisifu.

"Na wakikaa meza moja?" Msumari aliuliza.

"Watakaaje meza moja?"

"Ni familia, bwana. Hawana pengine pa kukaa."

Na kweli. Mwaliko ulikuja: Jumapili, chakula cha mchana, nyumbani. Mzee atatoa neno lake baada ya kula.

Maji alifika amepiga pasi mpaka soksi. Sebuleni mzee alikuwa kwenye kiti chake, ukuta mzima nyuma yake ukiwa na saa, kila moja na mlio wake. Kati ya sebule na korido ya jikoni kulikuwa na pazia zito. Jikoni alikuwa shangazi.

Maji akaona wokovu kwenye lile pazia.

"Shangazi, nipe nibebe mimi," alisema, kiherehere kimemjaa. Akawa mpelekaji wa vyombo. Jikoni alikuwa mzima kabisa. "Nionyeshe ule wa harusini!" shangazi alidai, na Maji akampa hatua mbili za kunesa, trei juu ya kiganja, shangazi akapiga makofi. Akafika kwenye pazia. Akalipita. Upande wa pili alitokea mtu mwingine, bega limeinama, goti limekaza, uso wa mvumilivu.

"Pole, kijana," mzee alisema.

"Nimezoea, baba."

Akarudi. Pazia. Ngoma. Pazia. Goti. Kwa sahani, kwa glasi, kwa jagi, kwa chumvi iliyosahauliwa. Jasho jembamba lilimtoka, lakini moyoni alianza kujipongeza. Mtu mwingine angeshindwa, aliwaza.

Wakaketi wote. Kaka akaingia kutoka uani, akavuta kiti. "Winga! Lile bao la jana..."

Maji akashikwa na kile kikohozi chake cha benchi.

"Mpeni maji," mzee alisema. Kisha akainama pembeni ya kiti chake, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa, akakifungua polepole. Ilikuwa fimbo. Ilikuwa pacha wa ile yake, imelainishwa mpaka inang'aa, na mpini wake umechongwa kufuata vidole kwa ustadi wa mkono uliozoea vitu vidogo.

"Nimeichonga mwenyewe," alisema. "Ya mkwe."

Neno lile halikuwa limewahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Mshonaji akaweka kijiko chini. Maji akahisi machozi na woga vinagombea mlango mmoja.

"Ya mkwe yupi?" shangazi akauliza, akitazama huku na huku. "Huyu? Fimbo ya nini? Huyu si ndiye aliyetaka kubomoa sakafu ya ukumbi?"

"Huyu winga?" kaka akadakia. "Baba, huyu jana amekimbia uwanja mzima, mabeki wameita mama zao."

Saa zote zikawa zinasikika, moja baada ya nyingine.

"Kijana," mzee akasema. "Ni goti lipi?"

Maji akamtazama mzee: uso ule ulitaka goti. Akamtazama shangazi: uso wake ulitaka ngoma. Akamtazama kaka, akaona uwanja. Siku zote aliambiwa na uso wa mtu la kufanya, na sasa nyuso tatu zilikuwa zinampigia kelele kwa pamoja, kila mmoja unamwita mtu wake. Mkono wake ukaondoka wenyewe, ukatua kwenye goti la kulia.

"Siku ile lilikuwa la kushoto," mzee alisema kwa upole, na huo upole ndio uliokuwa mbaya. "Mimi nasikiliza vitu kwa kazi yangu. Tangu umefika, hatua zako zinabadilika mlio pale kwenye pazia. Nikasema, labda ni sakafu."

Shangazi alicheka hadi akajifunika uso kwa upande wa kanga. Kaka akacheka akigonga meza. Mshonaji hakucheka. Mzee naye hakucheka. Akaichukua ile fimbo, akaifunga tena kwenye kitambaa chake, akaiegemeza ukutani nyuma ya kiti.

"Chakula kinapoa," alisema.

Walikula. Lile neno lililokuwa litolewe baada ya chakula halikutolewa. Wakati wa kuaga, mzee alisema tu, "Jumapili ijayo nitakuwepo," na hakuna aliyejua kama huo ni mwaliko au ni onyo.

Mshonaji alimsindikiza mpaka getini.

"Ungesema tu siku ileile," alisema.

"Angeona namdhihaki."

"Kwa hiyo ukaona bora uvunje goti."

"Sikuvunja. Lilijivunja." Maji akajikuna kisogo. "Wote si wananipenda lakini?"

"Wanampenda nani?" Mshonaji alivuta ncha za futi yake, akazilinganisha, kama alivyofanya kila alipokuwa na hasira. "Unajua mimi nilikupendea nini? Kuna asubuhi nilifungua dirisha mapema. Ulikuwa saluni peke yako, unafagia, unaimba. Unaimba vibaya! Halafu ukasimama, ukaanza kuugombeza ufagio. 'Wewe ufagio una dharau sana, nikikupeleka kulia unapeleka nywele kushoto.' Ukauketisha kitini, ukauuliza unanyoa mtindo gani. Hukujua kama kuna mtu anakuona. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Huyo ndiye niliyemweleza baba. Na huyo hujamleta nyumbani hata siku moja."

Maji akautafuta uso wa mshonaji, na siku hiyo haukumpa hata jibu la kuazima.

Ungefikiri alijifunza. Subiri.

Katikati ya wiki, Maji alitoka kwenda kununua chai. Aliporudi na chupa, benchi lilikuwa limejaa: mwalimu mstaafu, dereva wa lori na muuza magazeti. Kwenye kiti cha Msumari kulikuwa na mteja aliyelazwa chali, shuka hadi miguuni, uso wote umefunikwa taulo la moto, puani tu pakitoka mvuke. Kama Maji angegeuza shingo kidogo tu angeona fimbo mbili zimeegemea ukuta wa pembeni. Lakini Maji hakutazama ukuta. Alitazama benchi, na benchi lilikuwa linamtazama.

"Enhe," dereva akasema. "Ukweni vipi?"

Msumari akafungua mdomo. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaufunga.

"Ukweni?" Maji akamimina chai taratibu, kama mtu mwenye habari. "Nilisimama kiume. Wote wapo mezani. Nikamtazama mzee machoni, nikamwambia, 'Mzee, kabla hatujala nina neno. Goti langu unalolihurumia ni zima.'"

"Ulisema hivyo?" Mwalimu aliinua miwani.

"Mdomo huu huu. Nyumba ikanyamaza. Shangazi machozi. Mzee akainuka, akanishika mkono, akasema, 'Kijana, nimezaa lakini sijaona mkweli kama wewe.'"

"Naye hakukupa zawadi?"

"Alinichongea fimbo, nikamrudishia! Nikasema, 'Baba, hii mpe anayeihitaji.' Akalia kidogo. Mzee wa watu, nilimhurumia."

"Goti lipi?" likauliza taulo.

Chupa ya chai iligonga meza. Dereva akacheka kwanza, kisha akaona rangi ya Maji, akaacha. Ile sauti haikuwa ya kusahaulika. Ilikuwa na saa nyingi nyuma yake.

Maji akageukia taulo. Alitafuta uso ili ajue awe nani, na uso haukuwepo. Palikuwa na kitambaa cheupe na mvuke. Hakukuwa na nyusi za kufuata wala mdomo wa kuuwahi. Akamtazama Msumari, na Msumari alikuwa anatazama feni.

"Hakuna goti, baba," alisema hatimaye. Sauti ilitoka nyembamba, haina tai wala tumbo. "Halijawahi kuwepo. Siku ile mguu ulianza kuchechemea mimi sijui. Nilitaka kukuambia. Halafu ukafurahi. Sijawahi kumwona mtu anafurahi vile kwa sababu yangu, nikashindwa kukunyang'anya."

"Na ngazi?"

"Ngazi sijui ilitoka wapi. Wallahi tena."

Taulo likatikisika. Likatikisika tena, shuka nalo likafuata, hadi Msumari akalazimika kulishika lisianguke. Mzee wa maneno machache alikuwa anacheka.

Alipotulia, akaondoa taulo kwa mkono wake, akamtazama Maji kwa uso uliolowa mvuke. "Nilikuja kumuuliza mwenzako wewe ni mtu gani. Watu wanasema huyu hadanganyi. Akaniambia, 'Lala hapo, mzee, akirudi atakueleza mwenyewe.'"

"Mbona hukuniambia yuko hapa?" Maji akamgeukia Msumari.

"Hukuniuliza."

"Hiyo sauti uliyoongea nayo sasa hivi," mzee akaendelea, "sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. Ni nyembamba kuliko nilivyotegemea. Jumapili njoo nayo, na lile neno langu nitalitoa mbele ya wote. Fimbo hii nilikuwa nimekuja nayo nimpe yeyote mwenye goti. Nimeona bora nikae nayo. Ukizeeka utaihitaji kwa haki."

Benchi likapiga makofi. Msumari akamalizia ndevu, akamwambia mzee kwamba shavu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, mzee akamshukuru. Maji akachukua fimbo ya pili, akampa mkwewe mkono wa kuegemea, wakatoka nje kwenye jua. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa wepesi ambao hakuuzoea. Alimweleza mzee habari za ufagio, na kuimba vibaya, na kwamba kusema kweli mpira wenyewe hajui timu anayoipenda. Mzee alikuwa anaitikia, hm, hm, wakivuka barabara bega kwa bega, na Maji alijihisi ni mtu mmoja, mzima, asiye na deni kwa uso wowote.

Dirisha la ng'ambo likafunguka kwa kishindo. Mshonaji akatoa kichwa, uzi mdomoni, futi inaning'inia.

"We Maji!" alipiga kelele mpaka mtaa mzima ukageuka. "Mguu!"

Maji akaganda katikati ya barabara. Akatazama chini. Mzee naye akatazama, akainama kidogo, kama anayechungulia ndani ya saa.

"La kushoto," alisema. "Angalau leo umepatia."